Sajini Aliyekuwa Kando: Habari ya Tug Argan, 1940



Taarifa ya mwaka ya chama kama hiki kwanza ni kitabu cha hesabu. Ndani yake twaandika fedha iliyoingia na fedha iliyotoka, wagonjwa waliotazamwa, wafu waliozikwa kwa heshima, na wajane waliosaidiwa. Lakini iko hesabu nyingine ambayo mweka hazina hawezi kuipanga katika safu zake. Hiyo ni hesabu ya watu: nani alitenda nini, mahali gani, na jina lake lilikuwa nani. Hesabu hiyo ikipotea hakuna mkaguzi atakayeiuliza. Kwa hiyo twaona yapasa kuipa kurasa chache katika kitabu hiki.

Safari hii tumechagua habari ya ushujaa chini ya risasi na makombora ya adui. Hatukuichagua kwa kuwa twapenda vita. Katika nyumba zetu nyingi wamo waliokwenda wasirudi, na waliorudi mara nyingi hawakupenda kusimulia. Tumeichagua kwa kuwa ina fundisho ambalo chama cha kusaidiana hakina budi kulitia moyoni. Tutasimulia kwanza mambo yenyewe kwa taratibu, kisha tutasema fundisho tulilolipata.

Italia iliingia katika Vita Kuu ya Pili tarehe 10 Juni 1940, upande wa Ujerumani. Wakati huo Wataliani walikuwa wameikalia Uhabeshi tangu mwaka wa 1936, na nchi za Eritrea na Somalia ya kusini zilikuwa mikononi mwao tangu zamani zaidi. Kando ya milki hizo ilikuwako nchi moja kame, Somalia ya Waingereza, yenye bandari ya Berbera katika Ghuba ya Aden. Upande wake wa magharibi ilipakana na Jibuti, iliyokuwa ya Wafaransa, na mashauri yalikuwa kwamba Waingereza na Wafaransa wailinde pwani ile kwa pamoja. Lakini Ufaransa ikashindwa na Wajerumani mwezi ule ule wa Juni, na baada ya siku si nyingi Jibuti nayo ikajitoa vitani. Mlango uliotumainiwa kufungwa na jirani ukabaki wazi.

Tarehe 3 Agosti 1940 Wataliani wakavuka mpaka kwa njia tatu. Kundi moja lilielekea Zeila upande wa pwani, kundi la pili Hargeisa katikati, na la tatu Odweina upande wa mashariki. Walikuwa zaidi ya watu 20,000, wenye mizinga, vifaru na ndege. Wengi wao walikuwa Waafrika walioandikwa jeshini katika makoloni ya Italia. Jambo hili msomaji alishike: upande huu na upande ule aliyekuwa mbele mara nyingi alikuwa Mwafrika, naye alimpiga Mwafrika mwenziwe kwa ugomvi ulioanzia Ulaya.

Upande wa Waingereza walikuwako Wasomali wa Kikosi cha Ngamia, ambao nchi ile ilikuwa yao. Walikuwako askari wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na askari wa K.A.R. kikosi cha pili, watu wa Unyasa, ambayo leo ni Malawi. Vilikuwako vikosi viwili vya Punjab kutoka Bara Hindi, na mwishowe kikaja kikosi cha Waskoti, Black Watch, kwa njia ya Aden. Mizinga yao mwanzoni ilikuwa minne tu, tena midogo, ya kikosi cha mizinga cha Afrika ya Mashariki. Kwa ufupi, walikuwa wachache, na vyombo vyao vilikuwa vichache kuliko wao.

Barabara itokayo Hargeisa kwenda Berbera hupenya katikati ya milima mahali paitwapo Tug Argan. Neno tug kwa Wasomali ni mto wa mchanga, ulio mkavu siku zote isipokuwa mvua inapokuja kwa ghafula. Juu ya mto ule vimesimama vilima vya mawe, kimoja hapa na kimoja kule, na Waingereza walikuwa wamevipa majina yao wenyewe. Viwili ndivyo vituhusuvyo: Mill Hill, na kile walichokiita Observation Hill, yaani kilima cha kuangalizia. Walinzi walijenga vituo vya mawe juu ya vilima hivyo, wakaacha matundu ya kupigia. Lakini nafasi baina ya kilima na kilima ilikuwa kubwa, na adui aliweza kupenya katikati. Kwa sababu hiyo bombom za kilima kimoja zilipaswa kumlinda jirani aliye juu ya kilima kingine. Kituo kimoja kikinyamaza, jirani yake naye yumo hatarini.

Juu ya Observation Hill bombom zilikuwa chini ya Kapteni Eric Wilson wa Kikosi cha Ngamia. Alikuwa Mwingereza mwenye umri wa miaka 27, aliyetumika kwanza na K.A.R. tangu mwaka wa 1937 kabla ya kupelekwa kwa Wasomali. Wapigaji wake wote walikuwa Wasomali. Na sajini aliyekuwa pamoja naye katika kituo chake aliitwa Omar Kujoog. Twaomba wasomaji walishike jina hili, kwa maana habari yote tunayoisimulia yalizunguka.

Wale miongoni mwetu waliotumika jeshini, au waliosikia kwa baba zao, wajua kwamba bombom si bunduki ya mtu mmoja. Yuko ashikaye na kulenga. Yuko apitishaye ukanda wa risasi usikunjamane. Yuko aletaye masanduku ya risasi, akitambaa mahali ambapo mwenye akili asingependa hata kuinua kichwa. Yuko atazamaye mbali na kusema adui yuko wapi. Mmoja akikimbia, chombo chote huwa chuma tupu. Kwa hiyo tusemapo kwamba bombom fulani iliendelea kupiga siku kadha wa kadha, tujue kwamba tumewataja watu wengi kwa neno moja.

Tarehe 11 Agosti 1940 adui alikishambulia kilima kile. Kapteni Wilson na Wasomali wake wakamrudisha nyuma. Walipoona kwamba Wataliani wanapanda kukishambulia Mill Hill, ambacho kilikuwa ndani ya kipimo cha bombom zao, waligeuza mitutu wakawapiga upande huo, wakawaangusha wengi. Hapo adui akatambua kwamba hawezi kupita mpaka azizime bombom zile. Akaleta mizinga ya kuchukuliwa na wanyama hata mahali pasipozidi yadi 700, akaielekeza katika matundu ya kituo.

Makombora mawili yaliingia moja kwa moja kwa matundu yale, yakapasuka ndani. Na afikiri kila mmoja nyumba ndogo ya mawe, yenye watu ndani, na makombora mawili yakipasuka humo. Kapteni Wilson aliumia vibaya katika bega la kuume na jicho la kushoto. Wapigaji kadha waliumia pamoja naye. Bombom zilirushwa zikang'oka katika miguu yake. Wakaziokota, wakazitengeneza, wakazisimamisha tena mahali pake, wakaendelea kupiga. Na Sajini Omar Kujoog akauawa papo hapo, kando ya kapteni wake.

Kesho yake, tarehe 12, mizinga ya adui ilikielekea tena kituo kile. Siku ile ile Mill Hill kikachukuliwa, na mizinga miwili kati ya ile minne ikapotea. Kwa hiyo wale wa Observation Hill walibaki na jirani mmoja pungufu. Tarehe 14 makombora yakaja tena. Vidonda vya kapteni havikupata mganga, wala hapakuwa na nafasi ya kumpeleka kwa mganga. Tarehe 15 vituo viwili vya bombom zake vilivunjwavunjwa kabisa. Kufikia hapo alikuwa ameshikwa na malaria juu ya majeraha yake, lakini kituo chake mwenyewe kikawa kinapiga bado. Saa kumi na moja jioni ya siku hiyo adui akakipanda kilima kwa wingi, akakiteka. Zilikuwa zimepita siku tano.

Siku hizo tano hazikuiokoa nchi, wala hatutaki kumdanganya msomaji kwa kusema kwamba ziliiokoa. Wakubwa walikwisha kukata shauri kwamba Somalia haiwezi kushikika, na majeshi yakarudi Berbera yakapanda meli. Wataliani wakaingia Berbera tarehe 19 Agosti. Lakini jeshi lililokuwa karibu kuzungukwa na kutekwa lilipata nafasi ya kuondoka, na wengi wa watu wale walipigana tena baadaye. Mwezi wa Machi 1941 Waingereza waliirudia Berbera wakaitwaa. Aliyezuia mlango kwa siku tano huenda asione faida yake, lakini yupo aliyepita salama kwa ajili yake.

Liko jambo moja la Berbera ambalo halifai kuachwa. Wakati wa kupanda meli askari Wasomali waliambiwa kwamba atakaye aweza kwenda Aden pamoja na jeshi. Wengi walichagua kubaki na jamaa zao katika nchi yao, nao wakaruhusiwa kubaki na bunduki zao. Jeshi lilipandisha matanga, wenye nchi wakabaki kumkabili aliyeingia. Huo nao ni ushujaa, ijapokuwa hakuna nishani iliyofanyizwa kwa ajili yake.

Sasa tuje katika sehemu ya pili ya habari hii, nayo ndiyo iliyotufanya tuiandike.

Watu wote waliamini kwamba Kapteni Wilson amekufa juu ya kilima. Mwezi wa Oktoba 1940 likatolewa tangazo huko London kwamba amepewa Victoria Cross, nishani iliyo kuu kupita zote za ushujaa katika majeshi ya Uingereza. Tangazo lilieleza mambo yale karibu kama tulivyoyaeleza sisi, likamaliza kwa kusema kwamba alipigana hata mwisho, akauawa. Kumbe hakuuawa. Wataliani walimkuta hai, wakamchukua mateka, na mwaka wa 1941 majeshi ya Italia yaliposhindwa katika Eritrea, akatoka kifungoni. Baadaye alipelekwa Burma pamoja na K.A.R. kikosi cha 11, kikosi cha watu wa Kenya, akiwa msaidizi wa mkubwa wake. Baada ya vita alifanya kazi ya serikali katika Tanganyika mpaka mwaka wa uhuru, 1961. Alifariki tarehe 23 Desemba 2008, mwenye umri wa miaka 96.

Basi, ndugu zetu, litazameni tangazo lile kwa makini. Kwa habari ya mtu aliyekuwa hai, lilisema amekufa, nalo likampa jina lake kamili na cheo chake. Kwa habari ya mtu aliyekufa kweli, lilisema maneno machache tu: kwamba sajini wake Msomali aliuawa kando yake. Jina halikuandikwa. Kosa la kwanza lilisahihishwa mara aliye hai alipojitokeza. Kosa la pili halikuwa na mtu wa kujitokeza. Maiti haendi ofisini kudai jina lake.

Hatusemi neno hili kwa kumwonea wivu Kapteni Wilson. Alistahili nishani yake, na mtu aliyelipiga jeshi zima kwa jicho moja na bega moja hatuwezi kumpunguzia sifa. Wahenga walisema, chanda chema huvikwa pete. Lakini pete huvikwa chanda kimoja, na kazi yafanywa na mkono mzima. Tunalolisema ni kwamba kombora lililompata kapteni na kombora lililomwua sajini hayakuuliza cheo wala rangi. Yaliwakuta wote wawili mahali pamoja, katika wajibu mmoja. Waliotenganishwa walitenganishwa baadaye, kwa kalamu.

Wala tusidhani kwamba jambo hili lilitokea mara moja tu. Liko la pili, karibu zaidi na sisi. Tarehe 19 Mei 1941, katika Uhabeshi ya kusini, askari wa K.A.R. wa kikosi cha sita, watu wa Tanganyika, walivuka mto Billate mahali paitwapo Colito. Walikuwa wameshika ng'ambo ya pili kwa shida, bila silaha kubwa za kuwasaidia, vifaru vya Wataliani vilipowatokea kwa ghafula. Pamoja nao alikuwako Sajini Nigel Leakey, Mzungu aliyezaliwa hapa Kenya. Kifaru kimoja kilipokuwa karibu kuwakanyaga, Leakey alikirukia juu, akakifungua kifuniko, akawapiga waliokuwamo kwa bastola, akamwacha dereva peke yake, akamlazimisha akiendeshe mahali pa kujificha. Kisha akajaribu kuutumia mzinga wa kifaru kile, ukakataa. Akashuka akaenda kwa miguu kuvitafuta vifaru vingine, katika uwanja uliokuwa ukifagiliwa na risasi. Viwili vya kwanza vilipita. Akakirukia cha tatu, akakifungua, na hapo kifaru cha nne kikampiga, akafa.

Naye alipewa Victoria Cross, ikatangazwa Novemba 1945. Mwili wake haukuonekana, na jina lake limechorwa katika ukumbusho ulio ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi. Lakini tangazo lake lasema neno lingine. Lasema kwamba Leakey alipokwenda kwa miguu kuviwinda vifaru, hakwenda peke yake. Alikwenda pamoja na sajini-meja mmoja Mwafrika na askari wengine wawili. Watu watatu wakaenda katika uwanja ule ule, kuvikabili vifaru vile vile. Hata mmoja hakutajwa jina.

Katika vita ile ya 1939 mpaka 1945 hakuna askari Mwafrika mweusi hata mmoja aliyepewa Victoria Cross. Wako waliopewa nishani nyingine, nao walizipata kwa haki. Lakini mara mbili katika habari hizi mbili kalamu ilimkaribia Mwafrika, ikamgusa, ikaona alipokuwa na alilolitenda, kisha ikapita. Haikukosa kumwona. Ilikosa kumwuliza jina.

Kwa nini? Baadhi ya wazee watajibu kwamba ni dharau tu ya wakati ule, nasi hatuwezi kulikataa neno lao. Lakini twaona iko na sababu nyingine, ambayo yatupasa kuitafakari kwa kuwa yaweza kutupata hata sisi. Habari ya ushujaa huandikwa na wakubwa, hupelekwa kwa wakubwa zaidi, na kila mmoja humtaja yule amjuaye. Mtu asiye na mwandishi wake hubaki kuwa sehemu ya hesabu: sajini mmoja, askari wawili, wapagazi mia. Haondolewi kwa chuki. Huachwa kwa kuwa hakuna aliyesimama mahali pa kuandikia na kusema, ngoja, mtu huyu ana jina.

Na tukitazama vita ya kwanza, ile ya 1914 mpaka 1918, tutaona kwamba ilikuwa vibaya zaidi. Mtaa wa Kariokor hapa Nairobi ulipata jina lake kwa wapagazi wa vita ile, nao walikufa kwa maelfu mengi, zaidi kwa ugonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Katika barabara iitwayo leo Kenyatta Avenue imesimama sanamu ya shaba ya watu watatu, iliyowekwa mwaka wa 1928 kuwakumbuka askari na wachukuzi wa Afrika. Ni ukumbusho mwema, nasi hupita mbele yake kwa heshima. Lakini sanamu haina majina ya wale iliyowekewa. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ya uchunguzi, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na labda hata 350,000, waliokufa katika vita ile, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi. Kuomba radhi ni jambo jema. Lakini karibu miaka mia moja imepita, na radhi haiwezi kumfufua karani aliyekataa kuandika, wala mama aliyejua jina la mwanawe akafa nalo.

Hapo ndipo penye fundisho letu. Jina la Omar Kujoog tunalo. Halikuwamo katika tangazo la nishani, lakini halikupotea. Limetufikia kwa kumbukumbu za watu waliomjua na habari zilizosimuliwa na kuandikwa baada ya vita. Majina ya wale watatu wa Colito hayamo katika tangazo lao, na sisi tunaoandika hapa hatukuweza kuwataja mbele yenu. Mambo yao ni ya namna moja: vita moja, adui mmoja, ushujaa mmoja. Tofauti ni kwamba huyu alipata mtu wa kulitaja jina lake kwa sauti mpaka mwingine akaliandika.

Twajua kwamba wako wazee wenye kusema: vita zile hazikuwa zetu, basi kwa nini tujisumbue na mashujaa wake? Neno hili lina uzito, nasi hatulijibu kwa haraka. Ni kweli kwamba wengi walichukuliwa bila kupenda, na kwamba waliporudi hawakulipwa heshima sawa na wenzao. Lakini ushujaa wa mtu si mali ya bendera aliyosimama chini yake. Omar Kujoog, alipokaa katika kituo kile makombora yakija, hakuwa amekaa kwa ajili ya ramani ya mtu wa Ulaya peke yake. Alikuwa hawaachi wenzake. Kutokumwacha mwenzako siku ya shida ndiyo msingi wa kila chama cha kusaidiana, na chetu pia. Ikiwa twaisifu sifa hiyo kwa mwanachama aletaye mchango wake mwezi wa taabu, tutainyimaje kwa mtu aliyeileta pamoja na roho yake?

Tena kazi yetu wenyewe yatufundisha thamani ya jina. Mjane ajapo na cheti chenye jina kamili la marehemu, mambo yake huenda. Mjane ajapo na hadithi tu, hata kama ni ya kweli, kila meza humrudisha kwa meza nyingine. Jina lililoandikwa ni fimbo ya kutegemea kwa waliobaki. Basi aliyekufa vitani bila kuandikwa amewaacha watu wake bila fimbo, na mara nyingi hata wajukuu hawajui kwa nini wanachechemea.

Kwa hiyo twaleta mbele ya wanachama ombi moja. Na kifunguliwe kitabu, kisicho cha fedha, ambamo yataandikwa majina ya wote wa jamii yetu waliotumika vitani: askari, wapagazi, madereva, wapishi, wachukuzi wa majeruhi. Kwa kila mmoja na yaandikwe mambo matano: jina lake na la baba yake, mahali alipozaliwa, kikosi chake, na namba yake ikijulikana, mahali na mwaka alipokufa, au alipoachishwa kazi, na jina la mtu aliyeshuhudia au aliyesikia kwa aliyeshuhudia. Lisiandikwe lolote lisilo na shahidi. Sifa ya uongo ni kama noti bandia. Yachafua hata zile halali zilizo pamoja nayo katika mfuko. Na pasiwe na daraja katika kitabu hicho. Aliyebeba sanduku la risasi na aandikwe kwa wino ule ule wa aliyebeba nishani.

Wazee wetu, katika jambo hili ninyi ndio hazina. Wengi waliokwenda vitani wamekwisha kututangulia, na waliowasikia wakisimulia wanapungua kila mwaka. Yule ambaye babake alimwambia usiku mmoja, karibu na moto, fulani wa fulani alifia Burma mikononi mwangu, ndiye peke yake mwenye kitabu hicho leo. Asiogope kwamba habari ni fupi. Habari ya Omar Kujoog nayo ni fupi: alikuwa sajini wa Kikosi cha Ngamia, alikaa mahali pake chini ya makombora juu ya kilima cha Tug Argan mwezi wa Agosti 1940, akauawa kando ya mwenzake. Ni mstari mmoja tu. Lakini ni mstari wenye jina ndani yake, na kwa ajili ya jina hilo tumeweza kumkumbuka leo, sisi tusiomjua, katika nchi isiyo yake.

Mwenyezi Mungu amrehemu, awarehemu na wale watatu wa Colito ambao Yeye awajua kwa majina, na atujalie sisi tusiwe watu wa kumwona mwenzetu akianguka kando yetu, kisha tukasahau kuuliza aliitwa nani.